Dhamana ya Nyumba Mpya na Mipaka Yake



Mara tatu katika barua za mwezi huu tumeulizwa jambo moja, nalo ni dhamana ya nyumba mpya. Wanaouliza ni familia zilizonunua, au zinazokaribia kununua, fleti katika majengo yanayoinuka Nyali, Kizingo, Tudor, Bamburi na Mtwapa, aghalabu kabla jiwe la mwisho halijawekwa. Kila muuzaji huitaja dhamana. Imo katika kijitabu cha picha, imo katika ulimi wa kijana anayewatembeza wageni kwenye nyumba ya mfano, na mara nyingine imo katika mkataba. Mambo hayo matatu hayana uzito mmoja, na familia nyingi huijua tofauti yake baada ya kulipa.

Barua iliyotushughulisha zaidi ilitoka kwa mama mjane na binti zake wawili. Nyumba ya marehemu ilipouzwa na mirathi kugawanywa, watatu hao waliunganisha mafungu yao, wakanunua fleti ya vyumba viwili katika jengo jipya, ng'ambo ya daraja la Nyali. Walikabidhiwa ufunguo mwezi wa Julai. Nyumba ilikuwa kavu na rangi yake ikinukia upya. Masika ya mwaka uliofuata yalipoingia, ukuta wa chumba cha mama, ule unaotazama kusini, ulianza kutoa jasho. Rangi ikafura malengelenge, ikabanduka, na chini yake plasta ikageuka unga mweupe wa chumvi. Walipomwandikia mwenye mradi walijibiwa kwa mistari miwili ya adabu kwamba kipindi cha dhamana kilikuwa miezi 6, nacho kilikwisha Januari. Binti mkubwa ameimaliza barua yake kwetu kwa swali ambalo hatujaacha kulifikiri: ukuta uliooza Mei, je, Januari ulikuwa mzima?

Fundi yeyote mkweli atajibu kwamba haukuwa mzima. Maji hayakuchimba njia mpya mwezi wa Mei. Yaliikuta njia ipo. Lakini dhamana waliyopewa haikuuliza kasoro imezaliwa lini, iliuliza imeonekana na kuandikiwa barua lini. Huo ndio mpaka wa kwanza, na hapa pwani una ukali wake wa pekee kwa sababu ya pepo zetu.

Tuichukue kalenda. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, nao ni msimu wa jua na ukavu. Masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kufikia kilele Mei, yakifuatana na kusi inayoipiga mvua ubavuni mwa majengo, ikapenya kando ya fremu za madirisha na katika nyufa nyembamba za plasta. Vuli ya Oktoba na Novemba ni mvua ndogo, na mwaka mwingine haituoni kabisa. Nyumba iliyokabidhiwa Julai ikapewa miezi 6 humaliza dhamana yake bila kuonja masika hata siku moja, ilhali ile iliyokabidhiwa Januari hupita katika mtihani wote. Jengo ni moja, mkataba ni mmoja, na bado mnunuzi mmoja amepewa kinga na jirani yake amepewa maneno. Kwa maoni yetu, mnunuzi wa pwani hana sababu ya kuikubali miezi 6. Na aombe 12, nyumba ipitiwe na kusi na kaskazi, na ombi hilo aliweke mezani kabla ya kutia saini, wakati bado yeye ndiye anayebembelezwa.

Inafaa kujua miezi hiyo ilitoka wapi. Katika mikataba ya ujenzi, mwanakandarasi akiifikisha kazi mahali ambapo jengo laweza kutumika, msanifu majengo hutoa cheti cha kukamilika, na tangu siku hiyo huhesabiwa kipindi cha dhima ya kasoro, kwa kawaida miezi 6, mara nyingine 12. Ndani ya kipindi hicho mwanakandarasi hulazimika kurudi na kurekebisha, kwa gharama yake, kila kasoro inayotokana na kazi mbovu au vifaa visivyolingana na makubaliano. Ili asiisahau njia ya kurudi, sehemu ya malipo yake huzuiwa. Kwa desturi nusu ya fedha hizo huachiliwa siku ya kukamilika, na nusu ya pili kipindi kikiisha na marekebisho yakiwa yamefanywa. Utaratibu huu ni mzuri, ila umewekwa baina ya mwenye mradi na mwanakandarasi. Mnunuzi wa fleti hayumo. Hawezi kumshika mwanakandarasi kwa mkataba ambao hakuutia saini, na alicho nacho mkononi ni ahadi ya mwenye mradi katika mkataba wa mauzo, ikiwa imeandikwa humo.

Tena kalenda hizo mbili hazianzi siku moja. Kipindi cha mwanakandarasi huanza jengo linapokamilika. Fleti iliyokaa miezi 5 bila mnunuzi inaweza kuwa imebakiwa na mwezi mmoja. Wapo wenye mradi wanaoandika kwamba mnunuzi atapewa dhamana "sawa na ile iliyotolewa na mwanakandarasi", maneno yanayosikika kama ukarimu kumbe yana maana ya masalio. Kipengele kinachofaa huhesabu miezi kuanzia tarehe ya kukabidhiwa ufunguo, na hulitaja hilo waziwazi.

Ndugu zetu walioko Uingereza, ambao mara nyingi ndio wanaochangia fedha za ununuzi, hutushangaa tunapowaeleza haya. Wao wamezoea nyumba mpya kuuzwa na cheti cha shirika kama NHBC, lililoanzishwa mwaka 1936, chenye muda wa miaka 10: miaka 2 ya mwanzo mjenzi mwenyewe hubeba kasoro za kazi, na miaka 8 iliyobaki huwa bima dhidi ya madhara makubwa ya msingi na mihimili. Hata huko mipaka ipo, kwani mwaka wa 3 ukiingia, mfereji unaodondoka au kigae kilichoachia si jambo la bima tena. Hata hivyo anayelipa ni mwenye bima, na mjenzi akifilisika dhamana haifi pamoja naye. Kijana aliyekulia Leicester akisikia neno dhamana katika ofisi ya mauzo ya Mombasa, hufikiri habari ni ile ile. Ni vyema aelezwe na jamaa zake kabla hajatuma fedha.

Neno lenyewe limetujia kutoka Kiarabu, na katika mazungumzo ya wazee wetu lilimaanisha mtu zaidi ya karatasi. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, upana wa chumba ukifuata urefu wa boriti. Fundi aliyeiweka sakafu ya juu alikaa mitaa miwili kando na aliswali msikiti mmoja na mwenye nyumba. Hatusemi kwamba mafundi wa zamani hawakuharibu. Waliharibu, na kuta zao zilidai chokaa mpya kila baada ya miaka michache. Tunasema tu kwamba aliyeharibu alijulikana alipo. Leo muuzaji aghalabu ni kampuni iliyosajiliwa kwa mradi mmoja tu. Fleti ya mwisho ikishauzwa na faida ikishagawanywa, kampuni hubaki jina katika daftari, haina gari wala akiba, na wanahisa wake kisheria hawadaiwi zaidi ya hisa zao. Dhamana iliyotolewa na kampuni ya namna hiyo ina nguvu sawa na mfuko wa kampuni siku utakapoihitaji. Kwa ada ndogo, mtu yeyote anaweza kuomba katika msajili wa kampuni waraka unaoitwa CR12, unaoonyesha wakurugenzi na wanahisa ni akina nani. Tumeona familia zikichunguza posa kwa miezi mitatu na kununua nyumba bila kuuomba waraka huo.

Sasa tuje kwenye yale ambayo dhamana huyabeba na yale inayoyatupa. Kwa jumla hubeba kazi mbovu na vifaa visivyolingana na mkataba: mlango usiofunga, bomba linalovuja ukutani, kigae kilicholazwa juu ya utupu, bafu lisilo na mteremko hata maji yakarudi sebuleni, waya uliounganishwa ovyo. Hayo ndiyo yanayoonekana mapema, na mwenye mradi mwenye heshima huyatengeneza bila ugomvi.

Yanayotupwa ni mengi zaidi, na huwekwa nyuma ya maneno mafupi. La kwanza ni "uchakavu wa kawaida". Neno hili lingekuwa na haki yake lau lingefafanuliwa, lakini katika mji wa bahari huweza kutumiwa kuukana ulimwengu mzima. Kitasa cha chuma hafifu kilichoshika kutu kwa miezi 4 Nyali kimechakaa, au kilikuwa kitasa kisichofaa kuwekwa mita mia mbili kutoka baharini? Tunaona la pili. Aliyejenga pwani alijua anajenga pwani, na vifaa vinavyostahimili chumvi ni sehemu ya kazi nzuri. Dawa ni kutaja vifaa kwa aina katika jedwali la mkataba: madirisha ya alumini ya unene gani, vitasa vya chuma gani, rangi ya nje ya aina gani na mikono mingapi. Kisichotajwa hakina kipimo cha kukihukumu.

La pili ni nyufa nyembamba. Jengo jipya lina maji mengi ndani ya zege na plasta yake, na linapokauka hunywea. Ufa mwembamba kama unywele juu ya plasta ni jambo la kutarajiwa, na dhamana nyingi haziugusi. Tusiwe wepesi wa kulalamika juu ya huo. Ufa wa kuogopwa ni ule unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, unaoingiza ukingo wa sarafu, au unaoonekana pande zote mbili za ukuta. Mwekee alama ya penseli katika ncha zake mbili, uandike tarehe ukutani, upige picha. Ukiipita alama, ita mhandisi, wala usingoje barua ya mwenye mradi.

La tatu ni mabadiliko ya mwenyewe. Mnunuzi akishapata ufunguo huleta fundi wake kutoboa ukuta kwa ajili ya kiyoyozi, kuweka vyuma vya madirisha, kubadili vigae vya jikoni, kuongeza tangi. Kila tundu ni hoja mkononi mwa mwenye mradi. Kipengele kikisema kwamba dhamana huanguka "endapo mnunuzi atafanya mabadiliko yoyote", basi hata mlango wa chumba cha kulala utakataliwa kwa sababu ya kiyoyozi cha sebuleni. Wakili wako alirekebishe liwe: dhamana ianguke kwa sehemu iliyobadilishwa pekee.

La nne huumiza zaidi, nalo ni hasara inayofuata kasoro. Bomba likipasuka ndani ya ukuta, mwenye mradi atatengeneza bomba na pengine kupaka rangi. Kabati lililofura, godoro, zulia, na kodi ya mahali pa kulala wakati wa matengenezo, vyote kwa kawaida huachwa nje. Hapo ndipo watu huuliza kama bima au takaful ya nyumba haitalipa. Bima ya nyumba hulipa kwa mambo ya ghafla kama moto, wizi au mafuriko, kwa kadiri ya maneno yake; ukuta unaonyonya unyevu polepole kwa sababu ya kazi mbovu huwa miongoni mwa yanayotolewa nje. Yaani bima husema hilo ni la mjenzi, na mjenzi husema hilo ni la bima. Zisomeni hati hizo mbili pamoja, siku moja, mezani pamoja.

Vyombo vilivyokuja na nyumba, mathalan pampu, hita ya maji, jiko na lifti, vina dhamana za watengenezaji wake. Dai karatasi zake siku ya kukabidhiwa. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Lakini kasoro kubwa kuliko zote haionekani ndani ya muda wowote tulioutaja. Zege iliyochanganywa kwa mchanga wa bahari usiooshwa, au kwa maji ya kisima yenye chumvi, huonekana nzuri siku ya ufunguo na mwaka wa pili vilevile. Chumvi hufanya kazi taratibu. Chuma kilichomo ndani hushika kutu, kutu huvimba, na uvimbe huipasua zege kutoka ndani mpaka vipande vya dari vikaanguka na vyuma vikaonekana. Zege iliyofunika chuma kwa unene mdogo hufikia hapo mapema zaidi. Wasomaji wetu wameyaona haya katika majengo ya miaka ya nyuma yaliyo ufukweni, wala hakuna aliyekuwa na dhamana ya kumwonyesha mtu wakati huo. Mnunuzi anayenunua jengo likingali linajengwa ana fursa ambayo mwenzake wa baadaye hana: anaweza kuuliza maji ya kuchanganyia yanatoka wapi, anaweza kuomba kuona matokeo ya vipimo vya nguvu za zege, ambavyo hufanywa kwa kuvunja vipande vidogo vya mchemraba maabarani, na anaweza kuulizia usajili wa mwanakandarasi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mwenye mradi akikasirishwa na maswali hayo, amekwisha kuyajibu.

Je, dhamana ikiisha, haki nayo imeisha? Hapana, na hapa ndipo tunapowajibu mama na binti zake. Kipindi cha dhima ya kasoro ni muda ambao mwenye mradi ameahidi kurudi na kutengeneza. Kuvunja mkataba ni jambo jingine. Ikiwa mkataba uliahidi nyumba iliyojengwa kwa ustadi na kwa vifaa vilivyotajwa, na nyumba iliyotolewa haikuwa hiyo, basi Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, humpa mwenye madai miaka 6 kutoka siku mkataba ulipovunjwa. Madai ya uzembe nje ya mkataba yana miaka 3. Miaka hiyo kwa kawaida huanza kuhesabiwa ukuta ukingali mkavu, pasina kungoja mtu agundue, isipokuwa pale kasoro ilipofichwa kwa hadaa. Kwa hiyo barua ya mistari miwili waliyopokea si neno la mwisho. Wanahitaji ripoti ya mhandisi au mkaguzi wa majengo isiyoelemea upande wowote, inayoeleza maji yameingia wapi na kwa nini, kisha wakili auangalie mkataba. Kesi za namna hii husikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ipo Mombasa na Malindi.

Tusiwape matumaini yaliyozidi. Mikataba mingi ina sentensi isemayo kwamba mnunuzi amekagua nyumba, ameridhika, na anaipokea ilivyo na ilipo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo humlinda aliyenunua friji isiyofaa kazi yake, haihusu ardhi na majengo. Katiba, katika kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, lakini kuitoa haki hiyo katika Katiba na kuifikisha kwenye ukuta wa chumba cha mama ni safari ya wakili na ya muda. Na ahadi za kijana wa mauzo? Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, hutaka mkataba wa kuuza ardhi uwe kwa maandishi, uwe umetiwa saini na kushuhudiwa. Aliyoyasema kwenye nyumba ya mfano yalikwenda na upepo, ila ukimwomba ayaandike.

Baadhi ya wasomaji wametuuliza kama jambo hili laweza kupelekwa kwa kadhi. Mamlaka ya mahakama ya kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, yamekomea katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa hapo. Mirathi ya mama ilikuwa ya kadhi. Fleti aliyoinunua kwa mirathi hiyo si yake. Pamoja na hayo, fiqhi ina la kumwambia muuzaji aliye Mwislamu, hata kama hakuna hakimu anayemwangalia. Upo mlango mzima wa khiyari kwa sababu ya kasoro: kasoro ikiwa ilikuwapo kabla ya makabidhiano, mnunuzi akiwa hakuijua, nayo ikiwa inapunguza thamani, mnunuzi ana hiari ya kurudisha. Hapo linaloulizwa ni kasoro ilikuwapo lini, na ndilo swali lile lile la binti yule. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya sharti la muuzaji kujivua na kasoro, lakini hawakuhitilafiana kwamba kuificha anayoijua ni haramu. Na madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, humtaka mnunuzi naye asikawie: akishaijua kasoro, aseme mara moja, kwani ukimya wake huhesabiwa kuridhika.

Kusema mara moja, kwa sheria za leo, ni kuandika. Mpigie simu msimamizi ukitaka, lakini siku hiyo hiyo andika barua au baruapepe kwa anwani iliyotajwa katika mkataba, utaje kasoro, mahali ilipo na tarehe uliyoiona, uambatishe picha, uhifadhi nakala. Akija fundi wao, andika alichofanya. Akiziba nyufa kwa plasta nyembamba wiki ya mwisho ya dhamana, andika hivyo hivyo. Mkataba mzuri huanza kuhesabu upya muda wa kile kilichotengenezwa. Usipokuwa na kipengele hicho, tengenezo la ovyo hukupeleka salama mpaka siku ya mwisho, na asubuhi yake ufa uko palepale.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo, usiende na wageni wala keki. Nenda na mtu anayejua ujenzi, mchana kweupe, ufungue kila mfereji kwa pamoja, uwashe kila taa, uyamwage maji bafuni na roshanini uone yanakokwenda, ugonge vigae kwa sarafu usikilize vilivyo tupu. Mwaga ndoo kadhaa nje ya dirisha linalotazama kusini, hata kama kijana wa mauzo atacheka. Andikeni orodha ya kasoro, pande zote mbili zitie saini, na usisaini karatasi ya kuridhika mpaka orodha iambatishwe. Ukinunua kwa fedha za benki, kumbuka kwamba mthamini wa benki alikuja kupima bei, hakuja kutafuta ufa. Na katika ushirika wa kupungua, ambapo benki ni mmiliki mwenzako, uliza kwa maandishi nani ana haki ya kudai dhamana, na nani hugharimia kasoro iliyokuwapo kabla ninyi wawili hamjanunua. Afisa wa mkopo huenda asijue. Aiulize ofisi yake ya sharia.

Limebaki jambo ambalo karibu kila mnunuzi hulisahau, nalo lipo nje ya mlango wake. Paa, ngazi, lifti, kuta za nje, mabomba makuu, tangi la maji na shimo la maji machafu ni mali ya pamoja. Kwa Sheria ya Mali za Vitengo ya mwaka 2020, wamiliki wa fleti huwa na shirika lao la kusimamia mali hiyo, na kila mmoja huchangia kwa ada ya huduma. Dhamana iliyoandikwa kwa ajili ya "kitengo" haifiki kwenye paa. Paa likivuja mwaka wa kwanza na hakuna aliyepewa dhamana yake, wamiliki watalitengeneza kwa ada yao wenyewe, na aliye ghorofa ya chini atauliza kwa nini alipe. Tena katika miezi ile ya mwanzo, shirika la wamiliki mara nyingi bado limo mikononi mwa mwenye mradi mwenyewe, kwani ndiye mwenye fleti nyingi zisizouzwa. Ni vigumu mtu kujiandikia barua ya malalamiko. Wanunuzi wa jengo moja wajuane mapema, hata kama ni kwa kundi la simu. Wakague paa pamoja kabla ya masika, wamlipe mkaguzi mmoja kwa mchango, na barua iende ikiwa na majina ya wote.

Kuhusu wakili: wapo wanaotumia wakili wa muuzaji ili kupunguza gharama, wakiambiwa kwamba mkataba ni mmoja kwa wanunuzi wote na haubadilishwi. Wakili huyo analipwa na upande wa pili kuulinda upande wa pili, na hafanyi kosa lolote kwa kufanya hivyo. Tafuta wako. Maneno ya kumpa ni machache: miezi 12 tangu ufunguo, mali ya pamoja iwemo, mabadiliko yaathiri sehemu yake tu, kilichotengenezwa kihesabiwe upya, na haki za kisheria zisikomee kipindi kikiisha. Akirudi na mawili tu kati ya hayo, mmepata kitu.

Wasomaji walio na mikataba ya nyumba mpya watuletee ofisini nakala ya ukurasa wa dhamana peke yake, majina yakiwa yamefutwa kwa wino mweusi. Tukipata kadhaa, tutavichapa vipengele hivyo katika safu hii kimoja kando ya kingine, ili wanaokwenda kutia saini baada ya Idi wavisome kwanza.